Kutoa Pumzi Majini

Jumamosi, jioni. Niko kijijini kwetu, Majita. Manyunyu hayajakatika tangu adhuhuri, na upepo wa ziwani unapenya chini ya mlango. Nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Mama na kibatari, nywele bado zimelowa, sikio la kushoto limezibwa na maji na halitaki kuzibuka hata nikiruka kwa mguu mmoja.

Saa hizi Mwanza wameshamaliza. Yale mashindano ya michezo mitatu, kuogelea, baiskeli na kukimbia, ambayo nimeyafanyia mazoezi kiangazi kizima, yamefanyika leo asubuhi bila mimi. Namba yangu ya kifuani nimeiacha chumbani kwangu Igogo, chini ya godoro, pamoja na pini zake. Sijui nani ameshinda, na siku ya leo naona haya kukiri kwamba ningependa kujua. Lakini kama siwezi kusema ukweli hapa, nitausema wapi?

Leo tumemzika kaka yangu Magesa. Yaani, tumezika mgomba.

Magesa alinitangulia kuzaliwa. Kati yake na mimi hakuna mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemshusha kutoka mgongoni kwa Mama, na mpaka tumekuwa watu wazima alikuwa ananidai mgongo ule kwa utani. Alikuwa na kazi yake nzuri kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kisha ushirika ukashindwa kuwalipa wakulima, wakulima wakaacha kuleta pamba, mashine zikanyamaza, na wafanyakazi wakaambiwa wasubiri nyumbani. Walisubiri sana. Ulikuwa wakati ule kila mtu anasema sasa ni ruksa, fanya biashara, fanya chochote, na kweli watu wakafanya chochote. Kaka yangu, aliyekuwa amelikimbia ziwa ili apate mshahara, akarudi ziwani kuvua sangara.

Mimi nikapata kazi ndani, kwenye kiwanda cha minofu. Nasimama mezani na buti nyeupe, nakata samaki tangu asubuhi, minofu inapangwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya. "Mimi navua, wewe unakata, Wazungu wanakula," Magesa alikuwa akisema, "na sisi tunakutana tena kwenye mapanki." Mapanki ndiyo ile mifupa inayobaki na vinyama vyake vya kukwangua. Alikuwa anacheka akiyasema hayo, huku anakwangua.

Masika iliyopita dhoruba iliwakuta wakitokea upande wa Sengerema. Mtumbwi ukapinduka. Mmoja wao aliokotwa hai, amekumbatia dumu la mafuta. Wengine walipatikana baadaye, wakazikwa kwao. Magesa hakuonekana. Tulizunguka mialo yote ya wavuvi, tukauliza visiwani, tukatangaza redioni. Hakuna hata shati.

Mashindano yalikuwa wazo lake. Walimu fulani na wageni waliokuwa wakikaa mjini waliyaandaa, wakaruhusu watu wawili kushirikiana. Yeye angeogelea, mimi ningechukua baiskeli mpaka ng'ambo ya Mkolani na kurudi, halafu nimalizie kwa kukimbia. Hakuwa na wasiwasi kabisa. Mjita atashindwaje kwenye maji? Alipopotea, nilikwenda kwa waandaaji nikawaambia wafute jina lake na waniandike mimi peke yangu, kwa michezo yote mitatu. Walinitazama kwa huruma. Sikuitaka huruma yao, nilitaka kuandikwa.

Nilidhani najua kuogelea. Sisi watoto wa ziwani tunaogelea kichwa nje, ndivyo tulivyolelewa: macho yako juu ya maji uangalie mamba, uangalie kiboko, umwangalie na mdogo wako, na nguo umezifunga kichwani zisilowe. Hivyo ndivyo nilivyoogelea siku ya kwanza mbele ya Hansa. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

"Debora, mbona unaogelea kama bata aliyealikwa harusini?"

Hansa ni mama wa Kihindi mwenye duka la spea za baiskeli. Nilimfahamu kwa sababu ya minyororo na mipira. Alipokuwa msichana wa shule alikuwa muogeleaji wa mashindano, na mpaka leo, akiwa na wajukuu, kila asubuhi kabla ya kufungua duka anaingia ziwani nyuma ya yale mawe makubwa, na suruali yake ndefu na blauzi ya mikono mirefu. Watu wanamsema, naye anawaacha waseme. Niliposikia nikamwomba anifundishe, akasema njoo na usichelewe.

Alinifundisha kuanzia shingoni. Kichwa kikiwa juu, miguu inazama, na miguu ikizama unajikokota kama gunia lililolowa. Kwa hiyo uso chini, macho yatazame chini kabisa, siyo mbele. Mkono uingie mbele ya bega lake, usivuke katikati. Kiwiko kibaki juu, kiganja kishike maji kiyasukume mpaka pajani. Miguu ipige kutoka nyongani. Ukitaka hewa usinyanyue kichwa, jilaze ubavu, mdomo utaipata hewa wenyewe. Na pumzi itoke ndani ya maji, polepole, yote, ili ukigeuka uwe na kazi moja tu, kuvuta.

Mikono niliipata. Kile kiwiko nilikuwa nakifanyia mazoezi hata kazini, pembeni ya meza ya minofu, mpaka msimamizi akaniuliza kama bega linaniuma. Ubavu nao niliupata baada ya kumeza maji ya kutosha kumwagilia bustani. Asubuhi nyingine upepo ulikuwa umesukuma magugu maji na kufunga nusu ya ghuba, tukalazimika kwenda na kurudi kwenye kipande kidogo kilichobaki, kama watu wanaotembea sebuleni.

Kwenye pumzi nilikwama.

Nilikuwa naibana. Nikizamisha uso tu, midomo inakaza kama ya mtoto anayekataa dawa. Napiga mikono michache, kifua kinataka kupasuka, nanyanyua kichwa, miguu inazama, bata amerudi harusini. Hansa alinipigia kelele, akanibembeleza, akaniambia niseme neno lolote ndani ya maji, niimbe, nimtukane hata yeye, ilimradi pumzi itoke. Akanionyesha zoezi la kutoa hewa yote kifuani mpaka mwili uzame wenyewe, ukae chini mchangani kidogo, kisha upige miguu urudi. Alizama mbele yangu taratibu, suruali imejaa maji, akakaa huko chini kama mtu aliye sebuleni kwake. Mapovu yakapanda. Mimi nikatoka majini nikasema nina baridi.

Zoezi lile nililikataa kila alipolitaja.

Sikumwambia sababu. Naiandika sasa. Nilipokuwa natazama chini, nilikuwa namtafuta kaka yangu. Maji ya kule ni ya kijani, huoni mbali, na kila gogo, kila kiroba kilichozama, moyo wangu ulikuwa unaruka kabla akili haijafika. Ndiyo maana macho yangu yalikuwa yanakimbilia mbele, nimwone kabla sijamgusa. Na mapovu niliyaogopa kwa sababu najua ndiyo yaliyomtoka mwisho. Sikutaka yanitoke na mimi. Nilikuwa mtu mzima, mwenye namba ya mashindano, na nilikuwa naogopa mapovu.

Siku moja Hansa alinishika kichwa akakigeuza chini kwa mkono wake.

"Unatafuta nini huko mbele? Tazama chini. Chini hakuna mtu."

Alikuwa anajua habari za Magesa, nadhani alisahau kwa dakika hiyo tu. Nilitoka majini, nikavaa viatu bila kujifuta, nikaondoka bila kuaga. Kesho yake nilimkuta ameketi juu ya jiwe na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikuwa amechukua miwani yangu ya kuogelea, ile aliyonipa yeye mwenyewe, akaikatia mkanda mpya kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Jumapili iliyopita Baba mdogo akaja Igogo.

Nilimwamkia, akaitikia, akanywa maji. Kisha akasema ukoo umekutana. Jumamosi watamlaza Magesa.

Kwa ukoo wetu, mtu akichukuliwa na ziwa na asionekane, haachwi hivihivi. Unakatwa mgomba, shina lake linavishwa nguo zake, linazikwa kwa heshima zote kama yeye. Lakini kabla ya hapo, ndugu aliyemfuata kuzaliwa anaingia ziwani mpaka pasipofika miguu, anamwita jina lake, na anatoa jiwe kutoka chini. Jiwe hilo linawekwa kifuani pa mgomba. Bila jiwe, mnakuwa mmezika mti. Na mpaka hayo yafanyike, matanga hayajaanuliwa, na mama wa marehemu hali samaki.

"Jumamosi nina mashindano," nikasema.

"Mashindano ya nini?"

"Ya kuogelea. Na baiskeli. Na kukimbia."

"Kuogelea." Alilionja neno lile. "Na unajifunzia wapi?"

"Kuna mama mmoja wa Kihindi ananifundisha. Ana duka la spea."

"Mtoto wa Majita anafundishwa kuogelea na Mhindi!" Baba mdogo akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta, na akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. "Debora. Mama yako hajatia samaki mdomoni tangu masika. Ziwa lile pale, analiona akiwa jikoni, na yeye anakula ugali na mlenda. Sasa wewe huko unashindana na nani?"

Nikamuuliza kama hawezi kuingia mtu mwingine. Akaniuliza ni nani mwingine aliyemfuata Magesa.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia ukoo kwa kuichagua Jumamosi hiyohiyo, nikamkasirikia hata Mama ambaye hakuwepo. Nikajiambia kwamba wananinyang'anya kitu nilichokuwa nakifanya kwa ajili ya Magesa. Huo haukuwa ukweli wote. Ukweli wenyewe ni kwamba wakizika ule mgomba, amekufa. Mpaka Jumapili ile nilikuwa na kaka aliyepotea, na kila asubuhi nilikuwa na mahali pa kwenda kumtafuta, na nilikuwa nimepaita mazoezi.

Kesho yake nilikwenda ziwani kama kawaida. Magugu maji yalikuwa yameifunga ghuba yote, kijani kitupu, hata ndege walikuwa wanatembea juu yake. Tukabaki tumesimama mimi na Hansa, hatuna pa kuingilia. Ndipo nikamweleza habari ya mgomba na jiwe. Nilitegemea angeniambia nisiache mashindano, maana mwenyewe alikuwa ameshaanza kunisifia kwa mbwembwe mbele ya wateja wake.

Alinyoosha kidole kule mbele ya mawe.

"Baba yangu yuko pale," akasema. "Sisi tukishawachoma wafu wetu, majivu tunayaleta majini. Nilimwaga kwa mikono yangu. Kila asubuhi napita juu yake, uso chini, namwambia habari za duka." Akaipangusa miwani yake kwa ncha ya blauzi. "Sisi tunawatia ziwani wenyewe. Nyinyi mnataka kumtoa wenu. Basi nenda ukamtoe, Debora. Mbio zitakuja tena."

Nililia pale juu ya mawe kama mtoto. Alinishika mkono, hakunikataza.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi mpaka Bunda, kisha pikapu mpaka kijijini. Mama alinipokea mlangoni. Amekonda. Shingo yake imekuwa nyembamba, na nywele hajazigusa tangu siku habari zilipofika. Alinishika mashavu akaniambia nimekuwa na mabega kama ya Magesa.

Leo asubuhi Mchungaji alikuja, akasali vizuri sana, kisha akasema anakwenda kunywa chai kwa jirani, na akaondoka bila kugeuka nyuma. Kila mtu alielewa. Baba mdogo akaenda na wanaume kukata mgomba. Walipoulaza juu ya mkeka, Mama akauvisha mwenyewe: suruali ya Magesa ya kwendea kanisani, na shati lake la kaki la kiwandani, ambalo bado lina nyuzi za pamba kwenye mishono. Alifunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, kisha akakifungua kile cha shingoni, kwa sababu Magesa hakuwahi kukifunga.

Tukashuka ziwani. Nilikuwa nimevaa kaptura na fulana, na kanga kiunoni ambayo niliiacha ufukweni. Nilipotoa miwani na kuivaa, Baba mdogo akaguna, "Miwani ya nini sasa, ziwa halikujui?" Wanawake wakacheka kidogo nyuma ya mikono yao. Nilishukuru kwa kicheko kile.

Nikaingia. Niliogelea uso chini, kiwiko juu, jinsi nilivyofundishwa, na nikasikia minong'ono ufukweni kabla masikio hayajajaa maji. Nilipopita mahali ambapo miguu haifiki nikasimama wima majini, nikamwita. Magesa. Sauti ilitoka nyembamba, ikachukuliwa na upepo. Nikavuta hewa kubwa, nikajaza kifua, nikapiga mbizi.

Maji yakanirudisha juu kama dumu tupu.

Nikajaribu tena, nikavuta hewa kubwa zaidi, nikapiga miguu kwa nguvu zangu zote. Niliona kivuli cha mchanga, mkono haukufika, kifua kikanivuta juu. Nilipotoa kichwa niliwaona wote wamesimama ufukweni. Mama alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini na gauni lake, amenitazama, mikono imening'inia. Niliogopa. Sikuogopa maji. Niliogopa kurudi mikono mitupu kwa mwanamke yule, ambaye tangu masika amekuwa akirudishiwa mikono mitupu na kila mtu.

Nikamkumbuka Hansa amekaa chini mchangani na suruali yake iliyojaa maji.

Nikalaza uso. Sikujaza kifua. Nikafungua mdomo humo humo ndani ya maji, nikamwita. Nilimwita kwa nguvu, jina lake lote mpaka likaisha, na mapovu yakanipita kwenye mashavu, kwenye miwani, yakapanda. Nikamwita tena kwa pumzi iliyobaki. Mwili ukaanza kuzama wenyewe. Sikufanya kitu. Nilitazama chini kama nilivyokuwa nimeambiwa, siyo mbele, chini. Mchanga ukaja, na majani machache, na konokono mmoja wa maji juu ya kijiti. Magesa hakuwepo. Nilimtafuta kila upande, kwa mara ya mwisho, naahidi, na hakuwepo.

Chini hakuna mtu.

Nikashika jiwe lililokuwa karibu na mkono wangu, nikapiga miguu kutoka nyongani, nikarudi juu.

Baba mdogo alinyoosha mikono alipokee. Nikampita nikampa Mama. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliangalia kwa muda mrefu, akalifuta udongo kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. Alilibeba mwenyewe njia nzima, maji yakimchuruzika gaunini. Alifungua shati, akaliweka kifuani, akafunga vifungo. Cha shingoni akakiacha.

Ndipo akalia. Tangu masika hakuwa amelia mbele yetu, na leo alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na mimi nikalia naye, na tukazika.

Mchana alinyolewa nywele. Jioni hii jirani ameleta sato wawili kwenye sahani yenye kifuniko, akaiweka chini, akaenda zake. Mimi ninayeshika samaki mchana kutwa kazini sikuwa nimemla hata mmoja tangu masika. Sikulazimika, niliona tu haifai kula ilhali Mama hali. Nilimtengenezea tonge. Alimega kipande cha shavuni, akakiondoa mifupa, akakiweka upande wangu kwanza, jinsi alivyokuwa akitufanyia tulipokuwa wadogo. Kisha akamega chake. Alikitafuna kwa muda mrefu, amefumba macho.

Tuliwamaliza wote wawili.

Kesho alfajiri, kabla watu hawajaamka, nitashuka tena ziwani. Nataka kuogelea mbali kidogo, sambamba na ufukwe, uso chini, nikitoa pumzi yote. Je, nitaweza kutazama chini nikaona mchanga tu? Sijui. Naogopa kuwa sitaweza, na naogopa zaidi kuwa nitaweza.

Mama ameshalala, amegeukia ukutani, kichwa chake kilichonyolewa kinaonekana kidogo sana juu ya mto. Mikono yake inanuka samaki.